Abee, Nakuja

Ndugu zangu waumini, na nyinyi kina mama mlioko nyuma ya pazia, hotuba yangu ya leo imo ndani ya sanduku la bati. Ndiyo, sanduku. Nazungumzia kompyuta zile za zamani za kuwekwa mezani, zenye kioo chenye kisogo kikubwa, ambazo ukibeba moja mgongo unauma wiki nzima. Msinitazame hivyo. Nipeni masikio, nitafika ninakokwenda.

Palikuwa na mama mmoja mjane, katika mji wa pwani kama huu wetu. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia. Alipostaafu hakukaa barazani kungoja kahawa na habari za watu. Alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaiweka chumba cha uani, akawa anairekodi sauti yake akisoma masomo, ili yapelekwe kwa watoto wasioona wa shule fulani. Ukipita dirishani asubuhi utamsikia anaeleza mito na mabonde na milima ya moto, yuko peke yake na mashine yake, lakini bashasha aliyonayo utadhani darasa limejaa mpaka mlangoni. Kisha Mwenyezi Mungu akamchukua, na chumba cha uani kikanyamaza.

Yule mjane akaiwekea heshima kompyuta ya marehemu. Na heshima yetu ya vitu mnaijua. Redio tunaifunika, televisheni tunaifunika, makochi tunayafunika, na mgeni akija tunamkalisha juu ya kifuniko. Mama huyu alikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe, kina maua katikati na nyuzi zinazoning'inia pembeni, kipimo cha sanduku lile hasa. Akalifunika nacho. Kila asubuhi anakitoa, anakikung'uta, anapangusa vumbi, anakirudisha, anavuta ncha zikae sawa. Kuiwasha hakuthubutu. Aliona kama ni kumsumbua mtu aliyelala.

Sasa, siku moja yuko jikoni anachambua mchele, akataka kumsikia mumewe akimwita. Si kwa masikio, la, kwa kumbukumbu tu, kama tunavyofanya sote tuliofiwa. Marehemu alikuwa na namna yake ya kuita "Mama Saumu!", akilivuta jina mwishoni kama mtu anayefungua dirisha. Mama akajaribu. Maneno yakaja, sauti haikuja. Akajaribu tena, akafumba macho kabisa. Uso wa mumewe aliuona, picha iko ukutani. Mwendo wake aliujua, binti yake Saumu anatembea vilevile. Lakini sauti, ndugu zangu, sauti ilikuwa imekwenda, na hakujua imeondoka lini. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya msiba. Siku ya msiba alipoteza mtu. Leo aliona anampoteza mara ya pili, na safari hii mpotezaji ni yeye.

Akauacha mchele kwenye ungo, akakimbilia chumba cha uani. Sauti imo humo! Akainua kitambaa upande wa mbele tu, kama unavyoinua pazia kuchungulia, akabonyeza kitufe. Taa ndogo ikawaka. Ndani kukavuma kidogo, kukakwaruza, kimya. Akabonyeza tena. Taa ikawaka, ikazima. Akabonyeza mpaka kidole kikauma. Akampigia binti yake, naye akasema, "Mama, hicho ni chuma chakavu. Nitakununulia ya kisasa." Mama akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ya kisasa itamjuaje baba yako, akajisemea.

Akaipakia kwenye bajaji na kitambaa chake juu, akaikumbatia njia nzima, akamfikia fundi.

Fundi mwenyewe ni mtu wa maneno, duka lake limejaa waya na vifuniko vya simu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Fundi akafunua kitambaa, akatazama, akacheka. "Mama, hapa hakuna mgonjwa. Hapa tuna marehemu. Tumswalie tu tukazike."

Hakujua anasema na nani. Alipouona uso wa yule mama, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Marehemu ninaye mmoja tayari," mama akasema. "Na sauti yake imo humo. Sijui imo pahala gani, mimi sijasoma mambo haya. Najua imo."

Fundi akavuta kiti, akampangusia, akamkalisha. Akaeleza kwamba angeweza kuitoa ile diski inayohifadhi vitu, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, lakini diski yenyewe ni ya zama za waya mpana, na mashine zake za sasa hazina hata tundu la kuipokea. Kwa hiyo ni hii ifufuke yenyewe, au basi. Akachukua bisibisi, akalifungua sanduku ubavuni.

Mama alikuwa hajawahi kuona ndani. Miaka yote ile alipangusa nje, nje, nje. Akanyoosha shingo, na akashikwa na mshangao. Alidhani ataona chuma na mafuta, kama injini ya gari. Aliona mji. Barabara nyembamba za kung'aa, nyembamba kuliko unywele, zinapita zisigongane. Majumba meusi madogo yamejipanga. Hakuna kitu kilichowekwa ovyo. Vumbi limelala juu ya kila kitu kama majivu. Na humo ndani, katika ule mji usiotoa sauti, mumewe yumo anasoma jiografia.

"Subhanallah," akasema. "Na mimi nilikuwa nafunika."

Fundi akaanza kazi. Na mafundi wa kweli, ndugu zangu, hawaanzi kwa kuongeza. Huanza kwa kuondoa. Akauondoa waya wa umeme, akaweka mwingine: hola. Akaondoa kile chombo cha kugawa umeme, akaazima kizima kutoka mashine nyingine: hola. Akachomoa diski, akachomoa kadi moja baada ya nyingine, akavipanga mezani juu ya gazeti. Akavichomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua vile vijino vya dhahabu vya kuchomekea kwa raba ya kufutia penseli, akarudisha kimoja tu. Sanduku likabaki karibu tupu. Akabonyeza. Taa ikawaka, ikazima.

Mama akakitazama kila kilichotolewa kikilazwa pale mezani, na moyo wake ukapungua kwa kila kimoja. "Mwanangu, unamwosha ama unamtibu?"

"Namtafuta asiyeitika, mama."

"Asiyeitika?"

Hapo fundi akaweka bisibisi chini. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini hapa akasema taratibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata yeye hajalizoea. Akasema, mama, ukibonyeza kitufe wewe unadhani mashine inawaka tu. Haiwaki tu. Kabla ya kuonyesha hata nukta moja kwenye kioo, huwaita walio ndani yake wote. Inaita: kumbukumbu, upo? Feni, upo? Kibodi, upo? Kila mmoja lazima aitike, palepale, akiwa mahali pake na tayari kwa kazi. Wote wakiitika, inalia mlio mmoja mfupi, ti! Maana yake tupo sote, tuanze. Lakini mmoja akinyamaza, hata awe mdogo namna gani, wote wanasimama wanamngoja. "Na wenzetu hawa, mama, si kama sisi. Hapa hakuna wa kusema nakuja huku anakwenda zake njia nyingine."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Maana tunalijua hilo neno letu. Nani hapa hajaambiwa "nakuja" na mtu anayempa mgongo?

Fundi akabonyeza tena, na safari hii hakutazama taa, akainama akatega sikio. Akasikia kitu nyuma kabisa, chini ya kifuniko cha plastiki, kikijaribu kugeuka kikashindwa. Akakifungua kile kifuniko. Ilikuwa feni, ile inayopoza moyo wa mashine. Na feni ilikuwa imefungwa. Imezungushiwa uzi mweupe, raundi juu ya raundi, umekaza kama bendeji ya mgonjwa aliyevunjika mkono.

Akaukata kwa wembe, akauvuta pole pole, ukatoka mrefu, ukaendelea kutoka. Akaushika juu mbele ya macho ya mama. Hakukuwa na haja ya maneno. Kitambaa kilikuwa pale juu ya kaunta, na upande wake mmoja nyuzi zilikuwa pungufu. Kule nyumbani, alipoinua kitambaa mbele tu akabonyeza, feni ilivuta pumzi kule nyuma, ikavuta na uzi.

"Mimi," mama akasema.

"Si wewe, mama. Ni uzi."

"Uzi wangu."

"Basi shukuru," fundi akasema, "maana ingewaka bila feni, ingeungua, na ulichokitafuta kingeungua nayo. Ilikataa kuwaka ili isikipoteze."

Mama akasogea karibu. Aliitazama ile mashine kwa adabu mpya. Alikuwa ameilaumu, alikuwa amekibonyeza kile kitufe kwa hasira mpaka kidole kikauma, kumbe ndani yake kulikuwa na kitu kinachosema hapana kwa ajili yake.

Fundi akarudisha vyote, kimoja kimoja. Akachomeka kioo na spika. Akamwambia, "Bismillah, bonyeza wewe."

Akabonyeza. Taa ikawaka. Feni ikageuka, ikakohoa vumbi, ikashika kasi. Kukawa na kimya kidogo, kile kimya cha kuitwa majina. Mama alizuia pumzi. Akawaza wale wote mle ndani, wadogo wasioonekana, baada ya kulala gizani muda wote ule, wanaitwa sasa hivi, mmoja mmoja. Je, watakumbuka kuitika?

Ti!

Machozi yakamtoka papo hapo. "Wameitika," akasema. "Wote wameitika!" Fundi naye, ambaye ameusikia mlio ule maisha yake yote ya ufundi, akajikuta nywele zimemsimama mikononi.

Kioo kikapambazuka. Saa ya mashine ilikuwa imepotea miaka, haikujua leo ni lini, lakini masomo yalikuwepo, yamepangwa safu kwa safu. Fundi akauliza, nifungue lipi? Mama akasema lolote. Akafungua mojawapo.

Na chumba kikajaa. Ndugu zangu, mtu aliyekufa aliingia kwenye lile duka la vifuniko vya simu akaanza kufundisha. "Upepo wenye unyevu unapokutana na mlima," akasema, "hauna njia ila kupanda. Na unapopanda, unapoa..." Sauti ile ile. Mikwaruzo ile ile kwenye koo. Mama aliweka viganja viwili mdomoni. Hakusikia habari ya upepo wala mlima, alisikia mtu wake. Nje ya ile sauti, nyuma yake, kukasikika kitu kingine, kwa mbali, kikija juu ya mabati: mvua. Mwalimu yuko katikati ya somo la mvua, na mvua ikaanza kunyesha nyumbani kwake. Akanyamaza. Akacheka kidogo peke yake. Kiti kikalia. Kisha akaita, akilivuta jina mwishoni kama mtu anayefungua dirisha:

"Mama Saumu! Mama Saumuuu! Njoo uone!"

Yule mjane akasimama. Hakufikiri, hakuna aliyemwambia. Alisimama wima katikati ya duka, akasema kwa sauti yake yote, "Abee!"

Na kabla fundi hajageuza kichwa, kutoka ndani ya spika, mbali, kutoka chumba kingine cha nyumba ile, sauti ya mwanamke wa umri mdogo zaidi ikaitika:

"Abee! Nakuja! Namalizia uzi huu wa kitambaa cha kompyuta yako!"

Wakasikiliza. Mvua ikaendelea. Mwalimu alikuwa anangoja, ulisikia kabisa kwamba anangoja. Mtu akingoja kimya chake kina umbo. Kiti kikalia tena. Mama alikuwa bado amesimama, ameinama kuielekea spika, anatafuta hatua. Viatu vyake mwenyewe. Mlango. Chochote.

"Mwanangu," akamuuliza fundi, kwa sauti ndogo, "nilikwenda?"

Fundi akasogeza sikio karibu na spika.

"Aliponiita. Alitaka nione kitu. Nilikwenda?"

Kwenye spika mwalimu akashusha pumzi. "Haya," akasema, bila hasira, kama mtu aliyezoea. Akakohoa. "Tuendelee. Mvua ya aina hii..." Na akaendelea kusoma mpaka somo likaisha, na hakuna mlango uliofunguka.

Mama hakuikumbuka siku ile hata kidogo. Alijaribu, hakuipata. Ilikuwa siku kama siku nyingine, mume kaita, mke kasema nakuja. Alitaka kumwonyesha nini? Upinde wa mvua? Maji yanavyoteremka ukutani? Kenge aliyekimbilia barazani? Hatajua, mpaka wakutane kwa Mola wao. Akakichukua kile kitambaa kutoka kwenye kaunta, akakishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ule uzi uliotoka ndani ya feni. Ulikuwa uzi ule ule. Uzi uliomzuia asiende alipoitwa ndio uliokuja kuifunga sauti iliyomwita. Akaketi chini akalia, na fundi akafunga mlango wa duka ili watu wasiingie.

Basi, ndugu zangu, mmemhurumia yule mama. Naona baadhi yenu mnapangusa macho. Mhurumieni, lakini mkimaliza, mjitazame mikononi. Mmeshika nini?

Sisi ndio wafumaji. Alhamdulillahi, msikiti wetu una zulia jipya, laini kuliko magodoro ya baadhi yetu. Una taa za kuning'inia. Tumetia rangi mnara, tumebishana juu ya rangi ile miezi mizima mpaka watu wakanuniana. Vyote hivyo kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Yule anayetuita kila siku kutoka juu ya mnara huo huo. Anaita. Na sisi tunasema nini? Tunasema abee, tena kwa adabu nzuri, kwa sauti tamu. Kisha tunaongeza: nakuja, namalizia uzi huu.

Wewe mwenye duka, unajua uzi wako. Wewe kijana uliyeshika simu pale nyuma ya nguzo, nakuona, na wewe unao. Na mimi mwenye kanzu hii sijivui humo. Wala mtu asidhani nasema juu ya swala peke yake. Mama yako mzazi ameita juzi, ukasema nitapita. Mwanao amekuita uone alichokichora, ukasema subiri. Ulikuwa unafanya nini? Unamtafutia ada ya shule, unamjengea nyumba, unamfumia kitambaa! Si uongo, ulikuwa unafanya kwa ajili yake. Ndiyo maana huu uzi ni wa hatari: ni mweupe, ni wa mapenzi, na unafunga vilevile.

Nataka mstaajabu nami kidogo kabla hatujainuka. Asubuhi hii jua limeitwa, likaja. Hakuna aliyelisikia likisema nakuja. Moyo wako uliokuwa umelala nao usiku kucha, uliitwa kila pigo, na kila pigo ukaitika, wewe hujui hata saa ngapi. Pafu liliitwa, likaitika. Jicho liliitwa, likafunguka. Ndani yako, chini ya ngozi hii unayoipaka mafuta na kuifunika nguo za Ijumaa, kuna mji mzima wenye njia nyembamba kuliko unywele, na kila mkaazi wake anaitwa na kila mkaazi anasema nipo. Viumbe wote wameitika. Mashine nzima ya mbingu na ardhi iko tayari, iko kimya, inamngoja mmoja.

Na Mwenye kuita hajachoka. Hilo ndilo la kutetemesha zaidi. Ingekuwa mimi, ningesema haya, nikaendelea na somo langu bila nyinyi. Lakini leo ameita tena, kwa jina lako, akilivuta mwishoni. Kuna kitu anataka ukione. Sijui ni nini. Hakuna ajuaye ila atakayekwenda.

Sikilizeni. Muadhini ameshasimama kukimu swala.

Msimjibu kwa mdomo. Simameni, tunyooshe safu.